Kwa nini mimea mingi inaua kuvu maabarani lakini haifiki kwenye duka la dawa?

Mdadisi wa Sahani:
Ndugu wanajukwaa, nimekuwa nikisoma taarifa za utafiti kuhusu mimea inayotumika kutibu choa, mba, fangasi za miguu na utando mweupe wa mdomoni, na karibu zote humalizika kwa namna moja: majani yalikaushwa, yakasagwa, yakalowekwa katika ethanoli, na ziduo lililochujwa, yaani kimiminika chenye kemikali za majani, likazuia kuvu kukua kwenye sahani ya maabara. Kitunguu saumu, karafuu, mwarobaini, manjano na Senna alata vyote vimo. Hata hivyo, nikitazama dawa zinazoandikwa na madaktari naona nistatini na amfoterisini B, zilizotokana na bakteria wa udongoni. Griseofulvini, iliyotokana na kuvu ya Penicillium. Na azoli, zilizoundwa na wanakemia. Je, mimea imepuuzwa, au kuna kikwazo ambacho taarifa hizo hazikisemi?

Mkemia wa Majani:
Ndugu Mdadisi, kikwazo cha kwanza kimo katika kuvu yenyewe. Tofauti na bakteria, seli ya kuvu ina kiini na inafanana sana na seli ya binadamu, kiasi kwamba sumu inayoidhuru mara nyingi hutudhuru na sisi. Dawa nyingi zilizofanikiwa hulenga vitu vichache ambavyo hatuna, hasa ergosteroli, ambayo katika utando wa seli ya kuvu hushika nafasi ya kolesteroli yetu, na glukani inayojenga ukuta wa seli hiyo. Sasa chukua saponini, zile kemikali zinazoufanya mmea utoe povu ukisuguliwa majini. Hujishikiza kwenye ergosteroli na kuutoboa utando, na ndivyo mnyanya unavyojikinga kwa tomatini yake. Lakini nyingi kati yake hushika pia kolesteroli, hivyo hupasua chembe nyekundu za damu. Ziduo la namna hiyo litapendeza kwenye sahani, kisha litakataliwa siku litakapopimwa kwenye damu.

Kikwazo cha pili ni kiasi. Ukisoma kwamba ziduo "lilifanya kazi", tafuta kwanza kiwango cha chini kabisa kilichozuia ukuaji. Wengi wetu huona ziduo ghafi lina matumaini likizuia kuvu kwa mikrogramu 100 au pungufu katika mililita moja. Likihitaji miligramu 10, hiyo ni mara mia zaidi, na kiasi hicho hakifikiki ndani ya damu ya mgonjwa. Wala upana wa duara safi, pasipo na kuvu, kwenye agari (ile rojo ya sahani inayooteshewa kuvu) usikudanganye: mafuta yenye nguvu lakini yasiyopatana na maji husambaa vibaya na kuacha duara dogo.

Mfamasia Mzee:
Naunga mkono, ila nisahihishe jambo moja: mimea imo, isipokuwa imebadilishwa sura. Asidi ya undesileniki, ambayo hupakwa kwa fangasi za miguu, hupatikana kwa kupasha mafuta ya mbono joto kali hadi yavunjike. Asidi ya benzoiki iliyomo katika marhamu ya Whitfield, dawa ya kupaka ya fangasi za ngozi, ilitolewa kwanza kwenye utomvu unaofukizwa kama ubani, ingawa siku hizi hutengenezwa viwandani.

Ama majaribio kwa wagonjwa, yapo machache yenye mafunzo. Mwaka 1992 krimu yenye asilimia 10 ya mafuta ya Melaleuca alternifolia, mti wa Australia, ilijaribiwa kwa fangasi za miguu. Dalili zilipungua kama kwa waliotumia tolnafteti, dawa ya kupaka ya fangasi, lakini vipimo vilionyesha kuvu imetoweka kwa asilimia 30 tu ya wagonjwa, dhidi ya 85 kwa tolnafteti na 21 kwa krimu isiyo na dawa. Mwasho ulipungua na kuvu ikabaki! Jaribio la mwaka 2002, lililotumia mafuta hayo kwa asilimia 50, lilipata asilimia 64 dhidi ya 31 kwa wasiopewa dawa halisi, lakini baadhi ya wagonjwa walipata uvimbe wa ngozi. Ajoini, kemikali ya kitunguu saumu, nayo, katika krimu ya asilimia 0.4, iliwaponya wagonjwa 27 kati ya 34 baada ya siku saba, mwaka 1996. Hapakuwa na kundi la kulinganisha.

Muuguzi wa Ngozi:
Naongeza tahadhari mbili. Kitunguu saumu kibichi kikifungwa juu ya ngozi huunguza, na nimeosha vidonda vya namna hiyo. Choa cha kichwani hukaa ndani ya shina la nywele, ambako dawa ya kupaka haifiki vya kutosha. Mtoto mwenye choa hicho anahitaji dawa ya kumeza, hata kama ziduo ni zuri namna gani.

Mdadisi wa Sahani:
Nashukuru sana. Je, inawezekana nguvu imo katika mchanganyiko, na sisi tunaipoteza tunapotenga kemikali mojamoja?

Mkemia wa Majani:
Hutokea, lakini mchanganyiko hubadilika kwa udongo, msimu na umri wa jani, hivyo taja daima kiasi cha kemikali moja inayopimika. Mimi ningelijaribu ziduo pamoja na flukonazoli, mojawapo ya azoli, dhidi ya Candida auris, kuvu iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 2009 na ambayo mara nyingi ni sugu kwa dawa hiyo. Kwa kila kimoja, gawanya kiwango cha chini kinachozuia kikiwa pamoja na mwenzake kwa kile kinachozuia kikiwa peke yake, kisha jumlisha: jumla ikiwa 0.5 au chini, vinasaidiana kweli. Lakini anza na kipimo cha chembe nyekundu. Ni cha bei nafuu na kitakuokolea miezi.