MFONGO SIYO MTARO! Yule mwongoza wageni wa Machame mnamjua, mfikishieni

Mwana_wa_Kihamba:

Wakuu, salamu baadaye, hapa nilipo nachemka.

Leo mchana, kijijini chini ya geti la Mweka. Kundi limeshuka salama, siku saba za Kilimanjaro kwa njia ya Machame zimeisha, siku ya nane ni ile ya "mifereji ya asili ya Wachagga". Imeandikwa kwenye ratiba na imelipiwa. Yule bwana (mnamjua, miwani kisogoni, anatembea kama kilele cha Kibo alirithishwa na babu yake) anafika kwenye mfongo, yaani mfereji wetu wa asili wa kumwagilia mashamba, wageni wametoa kamera, anafungua kinywa: "Huu ni mtaro tu, rukeni twende."

MTARO! Mtaro ni ule wa stendi, wenye mifuko na maji ya mabafu. Na wakati anatamka akakanyaga ukingo wa chini, ule wa upande wa bondeni, kisigino cha buti kikazama chote. Lingekuja trekta lingeharibu kidogo.

Kwa wasiojua: banio la mfongo, pale maji yanapochepushwa, liko juu kabisa, kwenye korongo la mto msituni. Mawe hupangwa kimshazari ndani ya mto, yakazibwa kwa matawi, udongo na magamba ya migomba, ili mto ugawe sehemu tu ya maji na mafuriko yapite juu bila kubomoa kila kitu. Kutoka hapo mfongo unazunguka ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo mno. Ukizidi, maji yanachimba udongo. Ukipungua, tope linajaa na maji yanarudi nyuma. Wazee walipima hayo kwa jicho na kwa maji yenyewe. Usiku mfongo unajaza nduwa (bwawa dogo la kutunzia maji), asubuhi nduwa inafunguliwa na kila kihamba, yaani shamba la ukoo, kinapata zamu yake.

Sasa ukingo wa chini ndio unaobeba maji yote. Udongo wake umelowa muda wote. Kisigino kimoja kinaacha tundu, maji yanaanza kuchuruzika kwa nje, yanabeba punje za udongo, tundu linapanuka. Ikifika jioni ukingo umekatika, kahawa ya jirani inaogelea na wa chini zamu yao imekauka. Mtu anayeongoza wageni anatakiwa kuwavusha kwenye jiwe au gogo lililowekwa, mmoja mmoja, na wakitembea kando ya mfongo wapite upande wa mlimani. Yeye? "Mtaro tu, rukeni."

Halafu mgeni akauliza kwa heshima maji yanatoka wapi. Jibu: "Barafu ya Kibo, ikiisha na huu unakufa." Uongo mtupu! Kule juu hewa ni kavu na baridi iko chini ya sifuri karibu muda wote. Barafu nyingi inageuka mvuke bila kupitia maji, ndiyo maana kuta zake zimesimama wima kama zimekatwa kwa msumeno. Mwaka 1912 ilikuwa kama kilomita za mraba 12, kufikia 2011 haikufika 2, na mito bado inatiririka. Maji ya mfongo ni ya msitu: mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka upande wa kusini, na ukungu unaonaswa na miti. Cha kuogopa ni moto unaounguza uoto wa mlima, kama ule wa Oktoba 2020.

Nasema tena: MTARO. Mbele ya wageni. Na mwenye shamba amesimama pale pale na jembe mkononi.

Binti_Uru:
Amesema mtaro huku mwenye mfongo anasikia?? Zamani hiyo ilikuwa faini ya pombe na mbuzi. Sisi mtu asipotokea siku ya kusafisha mfongo tu anatozwa, sembuse kuukata.

Kamanda_Majengo:
Mkuu, insha yote hii kwa ajili ya kisigino? Chukua jembe, zibia udongo wenye nyasi, shindilia, dakika kumi.

Mwana_wa_Kihamba:
@Kamanda_Majengo kuziba kunawezekana, neno alilolitoa utaliziba na nini? Wageni wameondoka wanajua Wachagga wanamwagilia kahawa kwa mtaro.

MgumuHalisi:
Huyo huyo! Kule juu anawapa watu Machame ya siku sita halafu siku ya tatu anakwepa mwamba wa Lava Tower kwa njia ya chini ili awahi kambi ya Barranco. Ile siku ndiyo dawa: unatoka kambi ya Shira mita 3,840, unapanda hadi mita 4,600 na ushee, unakula pale, unashuka kulala chini ya 4,000. Mwili unazoea hewa nyepesi. Ukiikata, usiku wa kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, unahesabu wanaotapika. Mwenye kichwa kinachouma tu anaweza kusubiri. Mwenye kuyumba kama mlevi au kukohoa povu anashushwa saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Yeye anawaambia "kaza."

Stella_Asubuhi:
Na kutoka Stella Point, ukingoni mwa kreta, kwenda kilele cha Uhuru, barafu ya Rebmann iko mkono wa kushoto, Furtwängler iko kulia ndani ya kreta. Nasikia yeye anaita zote "theluji". Sishangai mfongo kuwa mtaro.

MgumuHalisi:
Mnalilia udongo, sisi wapagazi je? Kanuni ni kilo 20 kwa mpagazi. Getini mzani unasoma 20, mkipita kona ya kwanza linaongezwa furushi la mwenzenu "aliyeumwa". Anzisheni uzi wa hilo!

Kamanda_Majengo:
Hapo nakuunga mkono. Mzani uwekwe na kambini, siyo getini tu.

Mpare_Asilia:
Nyie na nduwa zenu. Ndiva za Upare, mabwawa yetu ya kumwagilia, zimejengewa mawe, zimekaa vizazi, na mlango wake unazibwa kwa mti mmoja. Hakuna mtu wa kuziita mtaro.

Binti_Uru:
Mpare, kwenye ndiva mnapigania maji hadi leo. Kwetu zamu inajulikana tangu babu.

Mpare_Asilia:
Zamu inajulikana mpaka Januari, kiangazi kikikaza mnaviziana usiku na tochi. Tunawajua!

Mwana_wa_Kihamba:
Jamani, turudi kwenye mtaro. Amewahi kuomba radhi huyu?

MgumuHalisi:
Mkuu subiri kidogo. Kambi ya Barafu hakuna maji, hata tone. Yote yanabebwa kutoka bonde la Karanga, zaidi ya mita 600 za kupanda, ndoo kichwani. Halafu mgeni anataka beseni la kuoshea nywele saa kumi jioni, na mwongoza wageni anaitikia "sawa mama, inakuja."

Stella_Asubuhi:
Beseni la NYWELE? Kambi ya mita 4,600?? Taja kampuni.

MgumuHalisi:
Sitaji, nina safari nao Jumatatu. Lakini lilikuwa beseni la bluu, na alirudisha maji akisema ni ya baridi.