Dodoma–Dar kwa ndege: siti ya mlango wa dharura au daraja la biashara?

Mgogo_Mrefu: Wakuu, kwa mtu wa futi 6 na inchi 3 anayetaka nafasi ya miguu tu, kipi kina maana kwa safari ya saa moja hivi?

Siti_ya_Dirishani: Mlango wa dharura, mkuu. Ndege ikishapaa na kutulia, muda wa kuhudumiwa ni mfupi mno. Bei ya biashara unalipia kiti na chakula usichokifaidi. Ila begi lote lipande juu wakati wa kuruka na kutua, hata mkoba mdogo. Meza ikiwa imefichwa kwenye mkono wa kiti, mkono huo hauinuki na kiti kinabana nyonga.

Mama_Kizota: Uliza kwanza ni ndege gani. Kwenye Dash 8 Q400, ndege ya mapangaboi, bawa liko juu ya paa, kwa hiyo milango ya dharura iko mbele na nyuma, si katikati. Anayezoea kuomba "siti ya bawani" anaishia pembeni ya mapangaboi, kelele tupu. Mjamzito, mwenye mtoto au anayehitaji mkanda wa kuongezea haruhusiwi kukaa mlango wa dharura. Mhudumu atamhamisha hata kama amelipia.

Siti_ya_Dirishani: Kweli kabisa. Pia epuka safu iliyo mbele ya mlango, mara nyingi viti vyake havilali.

Mama_Kizota: Biashara naiunga mkono kwa anayeunganisha safari ya nje kwa tiketi moja mwenye mizigo mizito. Linganisha gharama ya kilo za ziada kabla ya kulipa.