Naomba ushauri: Tigrex ananitoa jasho kwenye Monster Hunter Freedom Unite

Wakuu, habari. Nacheza gemu hili la Capcom la kuwinda mazimwi kwenye PSP, ile konsoli ya mkononi ya Sony, na nimekwama kwa zimwi liitwalo Tigrex. Natumia upanga mkubwa, ule mzito wa kuchaji pigo. Nikianza tu kuuinua, jamaa kageuka na kunivamia mbio! Nikizimia mara tatu, misheni imekufa.

Humu mwindaji hapandi leveli. Nguvu ni silaha na mavazi unayotengeneza kwa magamba na mifupa ya mazimwi uliyowinda. Najua umeme unamuumiza. Sasa, nimwinde kwanza Khezu, zimwi jingine lenye umeme, nipate silaha ya umeme, au nihamie upanga na ngao?

Pia kamera mnaizungushaje huku mnakimbia? PSP ina kijiti kimoja tu, vidole vinakakamaa.