Tupeane uzoefu: picha ya nyeusi na nyeupe yenye chenga imewahi kukuponza?

Nyuki wa Kisumu (mwanzisha mada)
Wadau, naanza na aibu yangu ndipo nanyi mfunguke.

Mwaka jana, mwezi wa nane, nilikuwa ufukwe wa Dunga, hapa Kisumu, asubuhi na kamera ya kuazima, lensi ya milimita 50. Kuna mama pale hukaanga samaki, nimekula kwake mara nyingi. Nikamwomba nimpige picha. Akacheka, akasema "ngoja kwanza", akaingia kibandani, akatoka na leso nyingine: ya manjano yenye maua mekundu. Nikampiga ameshika mwiko, moshi unampita begani.

Usiku nikakaa na laptopu. Nikaitoa rangi yote, nikakoleza vivuli, nikamwaga chenga, vile vidoa vidogo kama mchanga, mpaka ngozi ikawa kama ukuta ambao haujapigwa lipu. Mwenyewe nikajiona fundi. Nikachapisha nakala ya inchi 8 kwa 10, nikampelekea.

Aliitazama kitambo. Kisha akauliza polepole: "Kijana wangu, kwani nimekufa lini?"

Wa kwetu mtaelewa. Uso mkubwa usio na rangi tumezoea kuuona kwenye ukurasa wa matangazo ya vifo gazetini. Lakini swali la pili ndilo liliniuma: "Na leso yangu iko wapi?" Mtu alibadilisha nguo kwa ajili ya picha, mimi nikaifuta.

Basi leteni yenu. Yaliyowapata, si mliyosoma.

Mzee wa Chumba cha Giza
Nimecheka hadi mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Mimi nilikuwa studio Nakuru mjini miaka ya themanini. Filamu yetu ya nyeusi na nyeupe ilikuwa Tri-X ya ISO 400, yaani kipimo cha wepesi wa filamu kunasa mwanga. Harusi ikichelewa na jua likazama, tuliisukuma hadi 1600: unapiga kama ni filamu ya kasi zaidi, halafu unaiacha kwenye dawa ya kusafishia filamu dakika za ziada. Chenga zilikuja zenyewe, pamoja na vivuli vizito. Filamu ya kasi huwa na chembe kubwa za fedha ili zinase mwanga mdogo, na chembe hizo ndizo mnazoziona. Mteja akiziona alirudisha picha. Leo nyinyi mnalipia programu iwaletee ugonjwa ambao sisi tulikuwa tunautibu!

Neno moja tu kwa vijana. Kwenye picha ya filamu, chenga huonekana zaidi penye kijivu cha katikati: shavu, ukuta, anga ya mawingu. Penye weusi kamili au weupe kamili hupotea. Nikiona chenga zimetandazwa sawasawa mpaka ndani ya weupe wa macho, najua aliyefanya hajawahi kunusa dawa.

Boda na Kamera
Heshima yako mzee. Mimi ni wa Kakamega. Nilienda Ikolomani asubuhi ya fahali kupigana: vumbi, wachezaji wa isukuti wamejifunga majani kichwani, mwanga unatoka nyuma yao. Picha za kuota. Nikarudi nyumbani nikaweka priseti (mipangilio ya kuhariri iliyokwisha kuandaliwa) ya nyeusi na nyeupe niliyonunua kwa mzungu fulani mtandaoni. Mpiga ngoma, mzee mwenye mikunjo mizuri ya uso, nikamwonyesha kwenye simu. Akaniambia, "Hapa umepiga ngoma. Mimi sijaona."

Kweli, uso ulikuwa shimo. Nilikuja kuelewa baadaye. Ngozi za watu, hata zetu hizi nyeusi, kwa kompyuta rangi yake imelala kwenye machungwa na nyekundu. Ile priseti ilikuwa inashusha mwangaza wa machungwa ili ngozi nyeupe ipate ukali na madoadoa yaonekane. Kwa mpiga ngoma wangu yakabaki meno. Sasa napandisha machungwa kidogo, polepole, natazama kipaji cha uso mpaka mikunjo irudi. Buluu nashusha anga ipate uzito. Chenga mwisho kabisa, baada ya kupunguza ukubwa wa picha, maana ukiziweka kwenye faili kubwa kisha uipunguze, ndogo ndogo zote zinapotea.

Kijana wa Lango Kuu
Ziwa Nakuru. Watalii wawili, nyuma yao flamingo. Nikatoa rangi. Flamingo wakawa changarawe. Nilirudisha nusu ya pesa. Sina la kuongeza.

Binti Kibuye
Naona mnataka kuizika nyeusi na nyeupe mapema. Mimi imeniokoa. Njooni soko la Kibuye Jumapili mjaribu kupiga uso wa mtu chini ya maturubai. Hili la buluu, lile la chungwa, mwavuli mwekundu katikati. Muuza mitumba anakuwa na shavu la buluu na kidevu cha nyanya. Hapo sirekebishi rangi, naitoa, na ghafla unaona macho yake. Vilevile jioni nikipandisha ISO hadi 6400 kamera yangu ya zamani hutapika vidoa vya kijani na zambarau. Ukitoa rangi, vidoa vinakuwa chenga tu, na chenga mtu anazivumilia.

Lakini namuuliza mwenyewe kabla sijampelekea: "Nikutolee rangi au niiache?" Wazee wengi wanasema iache. Vijana wanataka yote mawili.

Fundi Simu Mega
Mkishamaliza ufundi wenu mnatuma kwa WhatsApp, ikibana picha, chenga zote zinageuka uji. Ule ubanaji hutupa kwanza vitu vidogo vidogo, na chenga ni nini kama si vitu vidogo vidogo? Tuma kama dokumenti. Asante.

Nyuki wa Kisumu
Binti Kibuye, hilo swali lako ningekuwa nalo Dunga ningeokoa pesa ya kuchapisha. Bahati nzuri nilikuwa nimepiga kwa RAW, faili ghafi ya kamera, rangi zote zilikuwa bado zimo. Nikaanza upya, nikaacha moshi, nikaacha manjano, chenga sikugusa. Wiki iliyofuata nikampelekea ya pili. Ameitundika kibandani juu ya sufuria ya mafuta, imeshaanza kupata rangi ya tatu.

Ile ya kwanza nilimwomba anirudishie, akakataa. Ameiweka ndani ya Biblia. Anasema hiyo ni ya siku yake, na mtu asije kuwadai watoto wake hela ya picha.