Boti ya mbao Kibirizi: epoksi au poliyurethani?

Mjenzi_Kigoma: Wakuu, naunda boti ya mita 8 hapa Kibirizi, mbao za mninga. Duka moja wananiambia epoksi, jingine poliyurethani. Ya kuunga mbao na kupaka nichukue ipi?

Fundi_Randa: Zote mbili, kila moja na mahali pake. Kuunga mbao na kupaka sehemu inayokaa majini, epoksi, ile ya kuchanganya na hadina (kigandishi chake). Gundi ya poliyurethani inataka kiungo kilichobana; penye uwazi inajaa povu, na povu hilo halina nguvu. Epoksi unaichanganya na unga laini wa mbao mpaka iwe nzito, inajaza uwazi vizuri. Ila anza kupaka epoksi tupu pande zote mbili, mbao zinywe kwanza. Ukiruka hapo, mbao zitanyonya gundi na kiungo kitaachia. Vibano usivikaze hadi gundi yote ikatoka.

Nahodha_Mstaafu: Hajasema anajenga kwa mtindo gani. Kama ni mbao zilizopigwa misumari kwenye mataruma (mbavu za boti), tafadhali usijaze epoksi kwenye mifereji kati ya ubao na ubao. Mbao zikiwa majini zinavimba, zikianikwa ufukweni zinasinyaa. Epoksi haivutiki, kwa hiyo inapasuka au inapasua ubao. Hapo ziba mifereji kwa kalafati ya pamba, juu yake weka poliyurethani ya tyubu, ile inayobaki kama mpira.

Mjenzi_Kigoma: Ni mataruma na misumari, asante mkuu. Na juani?

Fundi_Randa: Epoksi inaliwa na jua: inageuka njano, kisha inatoa unga. Kuanzia usawa wa maji kwenda juu, ifunike kwa rangi ya poliyurethani ya makopo mawili ya kuchanganya, aina ya alifatiki (inayostahimili jua), mikono 2 au 3. Kabla ya hapo osha epoksi kwa maji safi na dodoki, maana unyevu wa ziwani huiachia utando kama nta na rangi haishiki. Ikikauka, msasa namba 180. Poliyurethani paka kwa brashi au rola. Kuipuliza kwa mashine umejifunga kitambaa puani ni hatari kubwa kwa mapafu.

Dada_Rangi: Kuhusu kipimo cha epoksi na hadina: kopo likisema 2 kwa 1 kwa ujazo, usipime kwa mzani. Kuongeza hadina hakuharakishi, kunaiacha inanata daima. Changanya kidogo kidogo, umimine kwenye sinia bapa; ikikaa kwenye kopo refu inachemka na kuganda hujaigusa.