Ushauri: fonti nene yenye mikwaruzo, mteja anasema tisheti zimebanduka

Fundi_Fulana: Wakuu, habari za jioni. Nina oda ya tisheti 40 za klabu ya joging hapa Dar, nyeusi, maandishi meupe kifuani: HAKUNA KULALA. Nikatumia fonti nene ya bure niliyopakua mtandaoni, imechubuka kama rangi ya mlango wa zamani. Kwenye kompyuta ilikuwa moto. Nikampelekea mteja sampuli, akaikwangua kwa kucha, akauliza: "Haijafuliwa hata mara moja, mbona inabanduka?" Jina la klabu chini yake, kwa fonti hiyohiyo, halisomeki kabisa. Nibadili fonti au nimbembeleze?

MzeeWaSkrini: Mteja hana kosa. Tazama A zako. Ziko nne, zote zina ufa uleule kwenye mguu wa kulia. Jicho likiona jeraha moja mara nne linajua ni mashine. Na Kiswahili chetu kilivyojaa irabu, tunaumbuka haraka. Fonti nyingi za hivi hazina herufi ndogo. Mahali pake wameweka herufi kubwa zenye mikwaruzo tofauti. Andika HaKUNA KULaLA uone.

DadaPlota: Afadhali wewe unatumia wino. Mimi nilikata stika ya kioo cha bajaji kwa fonti ya hivyo, plota ikakata kila kidoa. Hadi saa nane usiku nachomoa vipunje kwa sindano. Sirudii!

Fundi_Fulana: Pole dada 😂 Mzee, na matundu mengine yameziba.

MzeeWaSkrini: Bila shaka ulitumia skrini ya 43T, yaani wavu wa nyuzi 43 kwa sentimita. Inamwaga wino mwingi, vitundu vidogo vinajaa. Panda 77T, wavu wake ni mwembamba zaidi. Na jina la klabu liweke kwa fonti safi. Iliyochubuka ni ya maneno mawili matatu makubwa, basi.

Kasuku_77: Mimi zilizochubuliwa tayari sizigusi. Naandika kwa fonti safi, Bebas Neue, naprinti, nakunjakunja karatasi, napitisha msasa kidogo, naskani. Kila herufi inapata kovu lake. Ndivyo mabango ya zamani ya Marekani yalivyokuwa. Darius Wells wa New York alitoa katalogi ya herufi za mbao mwaka 1828, na mbao ikishachakaa wino haushiki sawasawa.

Halafu hiyo "ya bure" soma faili la leseni. Nyingi ni bure kwa matumizi binafsi tu, na wewe unauza. Rubik Dirt ya Google Fonts ina leseni huria, hiyo unachapa bila wasiwasi.

Fundi_Fulana: Nimerudi. Nimehamia Rubik Dirt, A nikazichubua upya moja moja kwa mkono, jina la klabu nikaweka fonti safi. Mteja kaona picha, kasema "sasa inaonekana mmefanya makusudi." Ila sasa anataka na mgongoni: NG'ANG'ANA. Nikiweka fonti ile ya kwanza, penye alama ya ng' kinatokea kisanduku kitupu.

MzeeWaSkrini: Chukua koma, ipandishe juu.