Tupeane uzoefu: nani mwengine anaishi na buibui nyumbani kwa hiari yake?

AbuFauz_Kisauni
Asalaam aleikum wanabaraza. Kabla hamjaanza mzaha, nasema buibui mdudu, sio buibui la kuvaa. La kuvaa mama Fauz anayo matatu na hana ugomvi nayo.

Kisa chenyewe ni hivi. Hapa kwetu tulikuwa na mende jamani, si mende wa kuhesabu, ukiwasha taa ya jikoni saa nane usiku unawasikia kabisa wanavyokimbia chini ya kabati tatata. Tumepuliza dawa, tumechora chaki ya mende mpaka nyumba ikawa kama ubao wa shule, lakini wapi, wiki mbili wamerudi na jamaa zao. Alafu mwaka jana wakati wa kusi akaingia buibui mmoja mkubwa, ukimpima na miguu yote anajaa kiganja, bapa, rangi ya udongo, na usoni ana mstari mweupe kama aliyepaka chokaa. Hajengi utando hata kidogo. Mchana analala nyuma ya mtungi wa gesi, usiku anatoka anasimama ukutani kimya kama saa iliyoisha betri. Siku moja nimesimama nanywa maji, mende akapita hapo ukutani, wallahi sikuona buibui akiruka, niliona tu mende keshashikwa na miguu inapiga hewa. Asubuhi nikakuta mabawa mawili sakafuni. Sasa hivi mende kwangu ni wa kutafuta na tochi.

Shida ni kwamba mama Fauz ametoa notisi. Ramadhani ikibaki wiki mbili nyumba inasafishwa juu chini, na huyo mtu aondoke, ama yeye ama mimi. Nimeomba muda nilete mashahidi. Kwa hivyo leteni visa vyenu, vizuri na vibaya, nitamsomea vyote.

BintiKibokoni
😂😂 Abu Fauz umetafuta mawakili mtandaoni. Mie nimelelewa na bibi yangu Mji wa Kale, na kwake kuua buibui ilikuwa kama kuvunja chombo cha mgeni. Nlikuwa na miaka saba hivi nikamrushia mmoja kandambili, nikampata. Bibi hakunipiga, alinikalisha kwenye mkeka akanisimulia pango la Thaur, vile Mtume ﷺ na Abubakar walijificha humo wakiwa njiani kwenda Madina, na buibui akatanda mlangoni, maadui wakaona utando mzima wakasema humu hajaingia mtu. Akamaliza akaniuliza, "Sasa wewe na kandambili yako ulikuwa upande gani?" Mpaka leo nna watoto watatu na siwezi kuwanyanyulia kiatu.

Lakini mjusi kafiri ole wake. Huyo bibi alikuwa anamfukuza na ufagio mpaka uani, ati ndiye aliyepuliza moto wa Nabii Ibrahim.

Mwanachuo_Tudor
Dada hicho kisa cha utando pangoni ni mashuhuri lakini wako wanavyuoni wanaosema sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, ni dhaifu. Kilicho thabiti ni kwamba sura ya 29 nzima imeitwa kwa jina lake, Al-Ankabut, na aya ya 41 inasema nyumba iliyo dhaifu kuliko zote ni ya buibui.

BintiKibokoni
Sawa ustadh, dhaifu ni nyumba, hakusema tumpige mwenye nyumba.

AbuFauz_Kisauni
Hiyo nimeinakili, namsomea leo leo 😂

Kondakta_Mstaafu
Mimi naleta kisa kibaya mwisho kikageuka. Kijana wangu aliamka shingo imeungua, mstari mwekundu una malengelenge, kama mtu aliyemwagiwa mafuta ya viazi. Majirani wote kauli moja, amekojolewa na buibui. Basi nikapanda juu ya kiti nikafagia kila tandabui ndani ya nyumba, nikaua buibui sijui wangapi, nikapuliza dawa mpaka sisi wenyewe tukalala nje barazani. Siku tatu baadaye mdogo wake naye akaamka na alama ile ile kwenye jicho. Na buibui hakuna hata mmoja!

Kuwapeleka hospitali daktari akacheka, akasema buibui hana mkojo wa kuunguza mtu. Akaniuliza mvua imenyesha kwenu? Nikasema ndio. Taa mnalala nayo? Nikasema ndio, ya kwenye veranda inaingia dirishani. Akanionyesha picha ya nzi wa Nairobi, yule mwembamba mwenye mistari ya machungwa na nyeusi, ambaye hata si nzi, ni jamii ya mbawakawa. Hang'ati wala haumi. Ila damu yake ina sumu inaitwa pederini, ukimponda tu shingoni ukiwa usingizini, imekwisha, na ukijipangusa ndio unaipaka vizuri. Dawa yake ni umpeperushe usimponde, alafu uoshe na sabuni upesi. Yaani mimi nilienda kuua polisi nikamwacha mwizi anakunywa chai.

Shani_wa_Mikindani
Eh! Na mie nimeambiwa hivyo hivyo mara mbili, "umekojolewa na buibui", na mara ya pili ilikuwa mkanda wa jeshi, si mdudu kabisa. Huyu kiumbe amebebeshwa kesi za watu wengi.

Dereva_wa_Safari_Mbali
Nyie hamjaona maajabu. Kuna miaka nilikuwa napeleka mizigo huko Mbita, kando ya ziwa Victoria, pale ICIPE wana kituo chao cha utafiti wa wadudu. Siku nasubiri kushusha, nikaona mtu mzima na elimu yake anachungulia buibui wa ukubwa wa punje ya mchele. Nikamuuliza kwani huyo ana nini. Akanieleza nikadhani ananichezea.

Ni hivi, yule buibui ni wa kuruka, ana uso mwekundu, jina lake la kisayansi ni Evarcha culicivora, na anapatikana upande ule wa ziwa, kwa hivyo msianze kumtafuta Likoni. Anapenda damu lakini hana mdomo wa kututoboa sisi, sasa anachofanya anachagua mbu jike aliyeshiba damu na kumla huyo. Na mbu mwenyewe anayempenda zaidi ni anofelesi, yule wa malaria. Mnajua mbu huyo akitua anavyoinua makalio juu? Basi wadogo wa buibui huyu wanamtambua kwa mkao huo huo. Utafiti wake ulitoka 2005, na 2011 wakaja kugundua kwamba anavutiwa na harufu ya soksi iliyovaliwa. Soksi! Mie nkamwambia bwana mkubwa njoo kwenye kebini ya lori langu utapata buibui wa kutosha dunia nzima.

Tangu siku hiyo wale wadogo wa kurukaruka kwenye dashibodi nawaacha. Wa huku sio yeye, najua, lakini na wao ni wawindaji. Kuna mmoja tulitoka naye Changamwe mpaka Voi.

fundi_cherehani_MK
Mimi kazi yangu ni kushona mabuibui, kwa hivyo hii mada nilikuwa nimeandikiwa 😄 Duka langu liko kichochoroni Mji wa Kale, mlangoni kuna balbu, na kila magharibi kuna mmoja mnene wa kahawia anashuka kutoka kwenye boriti kuanza kazi. Nimemtazama miezi, manake wateja wakipungua fundi ataangalia nini. Kwanza anavuta uzi mmoja wa juu, upepo unamsaidia kuufikisha ng'ambo. Alafu anatandika zile nyuzi za kutoka katikati kwenda pembeni, kama mifupa ya mwavuli. Alafu, na hapa ndipo aliponishika, anazunguka kutoka katikati kwenda nje na uzi usionata, mapana mapana. Mimi nikasema ahaa, huyu anapiga bandi! Kweli kabisa, akifika nje anageuka anarudi ndani na uzi wa kunata, karibu karibu, na huku ule wa kwanza anaufumua. Fundi yeyote anajua, unapiga bandi, unashona, unafumua bandi. Mimi nilifundishwa na ami yangu kwa makofi miaka miwili, yeye kafundishwa na nani?

Na alfajiri nikija mapema nimemkuta anaukusanya utando anaula, habakishi kitambaa. Mimi vipande vyangu vinajaa gunia.

Kuna mteja alinionyesha kwenye simu nguo iliyofumwa kwa uzi wa buibui, huko Madagascar. Walikusanya buibui jike wa dhahabu zaidi ya milioni moja, ni wale wakubwa wenye utando wa manjano, hata huku mnawaona kwenye miembe, wakawavuta uzi kisha wakawarudisha porini. Kitambaa kikaonyeshwa New York 2009, alafu joho London 2012. Rangi ile ya dhahabu haikutiwa, ndio rangi ya uzi wenyewe. Nilimwambia yule mteja hiyo bei usinitajie.

Kichwa_Ngumu_Likoni
Mimi nitakuwa mbaya wenu. Mnawasifu sana lakini kuna wanaouma na wanauma kweli. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa uani, nikaingiza vidole chini kukivuta, nikahisi kama sindano. Kufika usiku mkono wote unauma mpaka kwapani, jasho linanitoka. Sikufa, kesho yake jioni ukatulia, lakini msiniambie habari za pangoni. Mimi nikiona naua.

Mwalimu_Bayo
Pole sana kaka, na hicho kisa kinafaa kuwepo hapa. Ulipochungulia chini ya kiti ulikuta vifuko vya mayai mviringo vyenye vimiba vimiba kama mbegu za mbigili? Kama ndio, huyo ni buibui wa kahawia wa jamii ya mjane mweusi, tumboni kwa chini ana alama ya machungwa au nyekundu ya umbo la saa ya mchanga. Anapenda chini ya viti, kwenye sanduku za mita, ndani ya viatu vya mpira vilivyoachwa nje. Ni mwoga, anauma akibanwa. Huyo hata mimi sikai naye, natoa mafuko yake na fimbo, na viatu vya shamba nakung'uta kabla ya kuvaa. Akimuuma mtoto mdogo msingoje kesho, nendeni hospitali.

Lakini usiwafunge wote kwa kosa la mmoja. Dunia ina aina zaidi ya 50,000 za buibui, na wengi wao hata wakitaka kukuuma hawana la kukufanya. Mwaka 2017 watafiti wawili walikadiria kwamba buibui wote duniani kwa mwaka wanakula kati ya tani milioni 400 na 800 za wadudu na viumbe wengine wadogo. Piga picha hao wadudu wote warudi hapa Mombasa msimu wa embe.

Kichwa_Ngumu_Likoni
Vya miba vilikuwepo. Vitatu. Sawa mwalimu, nitaua wa miba tu, wengine nitafikiria.

Nyota_ya_Bamburi
Niongeze kidogo. Shemeji yangu yuko Uingereza, akanitumia tangazo la duka la wanyama wa kufuga, wanauza buibui mkubwa wa manyoya, rangi ya machungwa, ati jina lake la biashara lina MOMBASA ndani. Nikadhani utani, kumbe kweli, ni Pterinochilus murinus, yupo Afrika Mashariki na anashuka mpaka kusini, alipewa jina na wanasayansi tangu 1897. Anachimba shimo anatandika hariri ndani, jike anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi. Ukali wake sasa, wafugaji wenyewe wanamwogopa, anainua miguu ya mbele kama mtu anataka ngumi. Nimecheka, wenzetu wanalipa pauni kuishi na mtu wa Mombasa, sisi tunamwagia maji ya moto.

mama_Swabra
Kwa wanaoogopa kama mimi, gilasi na kadi ya harusi. Unamfunika na gilasi polepole, unapitisha kadi chini, unampeleka nje kwenye mlimau. Kadi ya harusi ni ngumu haikunjiki na kila nyumba ya Mombasa zimejaa. Swabra ana miaka sita na sasa ndiye afisa wa kazi hiyo, mimi nasimama mlangoni nasoma dua.

AbuFauz_Kisauni
Wanabaraza, narudi na ripoti. Nimemsomea yote mpaka ya soksi. Alisikiliza anachambua mchicha, hakusema kitu. Tumesafisha nyumba, sebule na vyumba tandabui zote zimeshuka, hilo sikubisha. Jikoni nilipofika kuusogeza mtungi akaniambia ngoja kwanza. Kuangalia, buibui amebeba kitu chini ya kifua, cheupe bapa kama kifungo cha koti. Mayai. Kayakumbatia na miguu ya mbele, ukisogeza tochi anarudi nyuma nayo, haachi. Mama Fauz akachuchumaa akamtazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akasema, "Mtungi usiuguse mpaka azae." Nikamwambia watakuwa wengi, mamia. Akasema watajijua wao na mende.

Hiyo ilikuwa wiki iliyopita. Leo nipo kazini saa nne, simu inalia, nikadhani kuna msiba. Anauliza mbona tangu jana hajamwona nyuma ya mtungi, na kama ni mimi niliyepuliza dawa niseme mapema.